Bantu ba fito: leo tunaongea xkcd

MUDOGO: Jambo yenu bote, aksanti kwa kutusikiliza tena. Tuko Lubumbashi, umeme ilirudi asubui, ba telefoni inajaa, basi turekodi mbio mbio mbele ikatike. Yaya, uliniambia leo ni bede.

YAYA: Leo ni xkcd, bede ya ku intaneti, hadisi za kuchora. Mi ile bede niko naisoma tangu inivesite na sikupata muntu wa kuongea naye, sasa juzi we unanitumia desen moja ku WhatsApp, unaandika "Yaya angalia hii, sijue ni ya nani", nikasema ee, huyu tutamukamata mu kipindi.

MUDOGO: (anacheka) Sikujua kweli! Ilikuya mu grupu ya kazi, jina hakuna.

YAYA: Hapo tutafika. Kwanza kwa benye habajue: mwenye kuichora ni Randall Munroe, Mumarekani, alisoma fizika, akatumika na ba roboti kule NASA, fasi ya Virginia. Mu 2005 akatosha ba desen yenye alikuwa anachorachora mu ba kaye ya masomo, akaitia ku intaneti, njo mwanzo ile. Kazi ya NASA ikaisha, bede ikabakia. Anatosha desen mupya lundi, merkredi na vandredi, hakuna gazeti, hakuna patro wa kumwambia hii toa, hii acha.

MUDOGO: Na kuchora hajue.

YAYA: Weee!

MUDOGO: Yaya tusemeni kweli. Kichwa duara, mwili mustari moja, mikono mustari, macho hakuna, kinywa hakuna. Mutoto wa primere anachora vile.

YAYA: Lete huyo mutoto achore muntu asiye na uso halafu mi nione paka vile anainama nijue amechoka, ama anasema bongo. Kuna ule wa kofia nyeusi, ule mubaya. Uso yake hauione hata siku moja, lakini akitokea tu mu kipande ya kwanza unaisha kujua kuna muntu leo ataona mambo. Ile si kukosa kujua, ile ni kupunguza mpaka inabakia yenye inahitajika peke. Na tena kuna faida yenye shiye ba huku tunaiona mbele ya wengine: haikule mega! Nyeusi na nyeupe, mistari, basi. Ba bede zingine unangoja, unangoja, rangi inakuya nusu, unité inaisha, haujafika ku kipande ya pili.

MUDOGO: Hapo minakubali.

YAYA: Halafu kuna ile maneno ya kufichama. Ku ordinatere unatia tu mushale juu ya desen, inatokea sentensi ingine, mara mingi njo inachekesha kupita desen yenyewe. Ku telefoni kuna version ya mobili, unafinya fasi moja chini. We ulikuwa unajua?

MUDOGO: Hapana! Yaani ba desen zote za grupu nilisoma nusu?

YAYA: Nusu. Pole.

MUDOGO: Sasa niambie ile yenye nilikutumia, juu mi niliicheka bila kuelewa muzuri.

YAYA: Ile ni ya 2020, namba 2347. Ni munara wa vipande, kubwa juu ya kubwa, ndogo juu ya ndogo, sawa vile watoto wanapanga maboksi, na anaandika kama ile yote njo mashini ya intaneti ya dunia ya leo. Sasa shuka na jicho mpaka chini, upande wa kuume. Kuna kapande kamoja kembamba, kamesimama, na munara yote inakaegemea. Mushale unasema kale kapande ni programu yenye muntu moja tu wa Nebraska, hakuna mwenye anamujua, anaitengeneza tangu 2003 bila hata mutu kumwambia aksanti.

MUDOGO: Ekieee. Ile si Nebraska, ile ni mama mukubwa wangu wa Katuba! Minerval ya huyu, matanga ya yule, kodi ya nyumba ya nani sijue, na siku akigonjwa familia yote inaanguka.

YAYA: (anacheka sana) Na batu ba informatiki banaicheka na uchungu, juu ni kweli, bakubwa banajenga ba kompani juu ya kazi ya bure ya muntu moja.

MUDOGO: Lakini Yaya, zingine ni za batu ba matematiki peke. Unasoma, unaona kuko kitu cha kucheka, haucheke.

YAYA: Hata mi. Kuna za linux, ile programu ya kuendesha ordinatere, naachaga. Njo basomaji benyewe bakatengeneza site, inaitwa explain xkcd, kila desen banaikala chini kuielezea, ya leo ikitoka tu, masaa kidogo bamesha kuandika kila kitu, hata yenye Munroe pengine hakuifikiria. Hakuna mwenye analipwa pale. Mi ile njo naita kupenda. Na sikia ya 2013, inaitwa "Time". Batu babili ku ukingo wa bahari, banajenga nyumba ya muchanga. Desen moja. Halafu nusu saa inapita, ile desen ikabadilika kidogo. Kisha ikakuwa kila saa. Kutoka mwezi wa tatu mpaka mwezi wa saba!

MUDOGO: Mchana na usiku?

YAYA: Mchana na usiku, mpaka ikafika vipande 3.099. Basomaji habakulala, bakaanza kuhesabu wakati na ba desen, si na saa. Na fasi moja anachora mbingu ya usiku, nyota tu, batu ba astronomi bakakamata zile nyota bakapiga hesabu, bakaona zile haiko nyota za leo, hii hadisi inapita miaka maelfu mbele. Muchoraji alikuwa ametia nyota vile inapashwa, akitumaini kama mahali fulani kuko msomaji mwenye ataangalia. Ikapata Hugo, ile zawadi kubwa ya ba hadisi za siansi-fiksyo, mu 2014.

MUDOGO: Mi ningechora tu madoti.

YAYA: Njo juu ya ile wewe haupate Hugo.

MUDOGO: Sasa hii mambo ya jina. Mi nilifowadi, nikafanya ubaya?

YAYA: Kufowadi si ubaya, mwenyewe aliruhusu: kopia, tia ku site yako, kama hauiuzishe na unasema imetoka wapi. Anaishi na bitabu, desen ni bure. Lakini mara mingi hatiage sinyatire ndani ya desen, basi ikitoka ku site bila link, imekuwa yatima. Ile ya grupu ilifika kwako hivyo.

MUDOGO: Tena huku kwetu njo mbaya zaidi. Muchoraji wa huku anatia jina chini, batu banakata jina.

YAYA: Banakata na banatia namba yao ya telefoni! Na kusema muchoraji bila patro ni kitu ya intaneti, hapana. Papa Mfumu'Eto kule Kinshasa, kuelekea 1990, alikuwa anachora mwenyewe, anatoa kopi, anauzisha mu mabarabara, mu Lingala, hadisi ya nguma, nyoka mukubwa, mwenye anameza mwanamuke na batu banagombania zile kartasi. Leo ba kopi zake ziko mu ba archive ya inivesite ya Florida. Si hapa, Florida.

MUDOGO: Aibu kidogo.

YAYA: Kidogo? Basi tukimaliza hapa ingia mu ile grupu, tia link.

MUDOGO: Naitia sasa hivi. Eh… na ile maneno ya kufichama pia naitafsiri?

YAYA: Iache. Batafute.