GMAT: urudie ao uache? Jibu kwa mdogo wetu wa Kampemba

Jambo sana wa kwetu, Lubumbashi wantanshi! Mnanisikia vizuri? Ngoja nifunge dirisha, hii tramu ya Brussels haina adabu. Haya.

Leo sina matembezi ya kuwaonyesha. Kuna mdogo wetu mmoja wa Kampemba, ana lisanse ya uchumi ya UNILU, chuo kikuu chetu, anafanya kazi ya hesabu kwenye kampuni moja inayohudumia migodi. Ameniandikia: "Yaya, nimefanya GMAT, nimepata 555. Nirudie ao niache?" GMAT ni ule mtihani wa Kiingereza wanaoufanya wanaoomba shule za biashara, kama masomo ya MBA. Na kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza, nalijibu mbele ya wote. Jina lake silitaji, mtaelewa sasa hivi kwa nini.

Kwetu matokeo ya mtihani ni mali ya mtaa mzima. Mnakumbuka siku ya matokeo ya Examen d'État, ule mtihani wa kumaliza sekondari? Aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani, anazungushwa barabarani na kelele nyuma yake. Aliyekosa anajifungia ndani mpaka giza liingie. Tumekulia humo. Ndiyo maana mtu akisikia neno "kurudia" anaona tayari anakariri darasa, na shangazi mlangoni anauliza: "Bado tu?" Basi sikilizeni: GMAT haina poda. Ukimaliza pale kituoni unaona alama yako kwenye skrini, wewe peke yako, na wewe ndiye unayeamua iende shule gani. Kwa huu mtindo mpya ulioanza Novemba 2023, shule inaona alama uliyoituma, ile nyingine inabaki kwenye akaunti yako. Shangazi haalikwi. Tukate shauri kwa feza, muda na namba tatu.

Namba tatu zipi? Hiyo 555 ni jumla, na jumla peke yake haikuambii ufanye nini. Mtihani una sehemu tatu, kila moja dakika 45, kila moja na alama yake kati ya 60 na 90: hesabu, kusoma na kupima hoja, na ile inayoitwa Data Insights, ya majedwali na grafu. Zote zina uzito sawa. Nikamwambia, nitumie mgawanyo. Akatuma: hesabu 82, kusoma 79, Data Insights 72.

Huyu binti ujumbe wake wote ulikuwa kilio cha Kiingereza. Yaya Kiingereza, Yaya sisi tumesoma Kifaransa tutafanyaje. Kumbe Kiingereza chake kinatembea! Labda ni zile safari za Kasumbalesa, wafanyabiashara wa Zambia ni walimu wazuri na hawadai minervali. Kinachomwangusha ni hiyo Data Insights, sehemu ambayo hakuisoma, kwa sababu kitabu chake ni fotokopi ya mtihani wa zamani. Amenipigia picha za kurasa. Kuna insha, kuna jiometri, kuna sura nzima za kusahihisha sentensi. Vyote hivyo vimeondolewa! Mtu anarudi kazini amechoka, anakaa na taa ya chaji mpaka usiku wa manane, anajifunza kitu ambacho hakiulizwi tena. Ukiona kitabu cha GMAT chenye sura ya jiometri, mpe mama anayeuza karanga afungie.

Na hiyo Data Insights ina aina moja ya swali inayotupiga sana sisi. Nichukue mfano wa nyumbani. Lori limetoka Likasi kuja Lubumbashi. Swali: je, mwendo wake wa wastani ulizidi kilomita 60 kwa saa? Unapewa taarifa mbili. Ya kwanza: njia ni kilomita 120. Ya pili: lori lilitumia chini ya saa mbili. Mtihani haukuombi huo mwendo. Unakuomba useme kama taarifa zinatosha kujibu: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote mbili zikiunganishwa, yoyote kati yake, ao hata zote hazitoshi. Hapa ni zikiunganishwa. Kwisha, nenda mbele. Lakini sisi tuliofundishwa kwa chaki na fimbo, tukiona lori tunataka tujue lilifika saa ngapi na dereva alikula nini. Tunakokotoa mpaka mwisho, tunapiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula. Maswali ni 20, una dakika mbili na kidogo kwa kila moja, na yale utakayoacha bila kujibu yanakushusha.

Halafu kuna mkato. Darasani kwetu, kwa Kifaransa, 1,250 ni moja na robo. Kwenye jedwali la Mmarekani ni elfu moja mia mbili hamsini. Utaniambia unalijua hilo. Unalijua ukiwa umekaa sebuleni na chai. Dakika ya 40, macho yamechoka, mkono wenyewe unaandika moja na robo.

Kwa hiyo wewe wa Kampemba, rudia. Data Insights ikitoka 72 ikafika 78, na zile mbili zikikaa zilipo, jumla inakaribia 595, na hujagusa Kiingereza hata kidogo. Ila usikimbilie tarehe. Sheria inakuruhusu kurudia baada ya siku 16, mpaka mara tano ndani ya miezi 12. Siku 16 zinamfaa mtu aliyeingia kwenye mtihani na malaria. Mtu anayeanza sehemu nzima upya ajipe miezi miwili, mitatu. Kwenye mba.com kuna majaribio mawili rasmi ya bure: moja lifanye sasa, la pili lifiche mpaka karibu na mwisho. Kama hilo la pili halijapanda, weka kadi yako mfukoni, usilipe. Mtihani ni karibu dola 300, na mnajua kwetu dola 300 zinalisha nani. Na uangalie kalenda ya shule kabla ya kalenda ya mtihani: nyingi zinafunga awamu ya kwanza mwezi wa tisa, ya pili mwezi wa kwanza.

Sasa kuna kaka mmoja wa mtaa wa Golf, ana 645, anataka arudie apate 665. Kaka, acha! Hiyo 645 inalingana na 700 ya zamani, ile watu walikuwa wanaipigia vigelegele. Na inaishi miaka mitano. Barua yako ya maombi umenitumia mwenyewe, nimeisoma: aya tatu za kumshukuru Mungu na wazazi, hakuna mstari mmoja unaosema ulifanya nini kazini. Watu wa shule wataisoma hiyo barua. Wikendi zako zipeleke hapo.

Wale mnaolenga shule za Ufaransa, ulizeni kwanza kama programu yenu inapokea Tage Mage, mtihani mwingine wa kuombea shule za biashara. Ni kwa Kifaransa, maswali 90 kwa saa mbili, alama zinahesabiwa juu ya 600. Jibu sahihi linaleta alama 4, la kosa linakula 1, kwa hiyo kubahatisha ovyo kuna bei. Nje ya shule za Kifaransa haikufikishi mbali, lakini kama ndiko unakokwenda, kwa nini ujitese?

La mwisho, maana mnaniuliza kila siku: ufanyie mtihani nyumbani, mtandaoni? Toleo hilo lipo. Lakini lazima uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kamera inawaka, msimamizi anakuangalia kwa saa mbili na robo. Peke yako chumbani, Katuba! Kama kuna namna ya kufika kituoni, nenda kituoni, hata ukivuka mpaka. Kama haipo, tafuta nyumba ya rafiki mwenye betri za sola, modemu mbili za mitandao tofauti, na kompyuta iliyojaa chaji. Ukichagua saa, hakikisha ni saa za wapi. Majira ya baridi ya huku Ulaya, nyinyi mko saa moja mbele ya sisi. Na mama mwenye nyumba aambiwe tangu jana yake, tena aambiwe mara mbili, maana asipoambiwa ataingia na sahani ya bukari na sombe katikati ya swali la kumi, na nawajua, mtakula.