Sili wa Udongo kwa Mtindo wa Wainuit

Hamjambo watoto? Leo tunachonga sili, yule mnyama wa bahari ya barafu. Kinngait, huko Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, Wainuit, wenyeji wa huko, humchonga kwa jiwe. Sisi tunatumia udongo wa mfinyanzi.

Kila mmoja achukue donge la kujaa kiganja. Likandeni mpaka likipindwa halipasuki, kisha livingirisheni liwe kama kiazi kitamu: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Funikeni kwa kitambaa, mkacheze. Mkirudi, bonyezeni kwa kidole: kisizame, ila ukucha uache alama, kama kwenye sabuni ya mche. Bado laini? Subirini.

Sasa tunachonga, yaani tunapunguza tu. Hakuna kubandika! Sili wangu wa kwanza nilimbandikia mapezi. Alipokauka, moja likabaki mkononi mwangu. Chukueni kijiko, mkwangue taratibu chini ya kichwa ipatikane shingo. Ubavuni kwangueni kuzunguka pale mnapotaka pezi, lenyewe litajitokeza. Liacheni nene, limelala mwilini. Zamani Wainuit walihamahama wakifuata wanyama, na vinyago vyao vilikuwa vidogo, vya kubebeka. Kiungo chembamba kingevunjika njiani. Mkia ni mkato mmoja wa kijiti. Macho, vitundu viwili. Basi, masharubu achaneni nayo.

Mwekeni mezani. Anayumba? Punguzeni tumbo kidogo. Pauta Saila, mchongaji wa Kinngait, aliwasimamisha dubu wa jiwe kwa mguu mmoja, wanacheza! Wetu akilalia tumbo bila kubiringika inatosha.

Hapa ndipo raha ilipo. Sugueni kwa mgongo wa kijiko kikavu, mviringo mdogomdogo. Mnaona? Alama za kukwangua zinazama, udongo unaanza kung'aa kama kokoto ya mtoni. Msiharakishe, mimi huchukua robo saa kwa kichwa peke yake.

Mkausheni kivulini, juu ya gazeti, siku tatu nne, mkimgeuza. Juani atapasuka. Akishakauka, mzazi ampake dawa ya viatu nyeusi kidogo, kisha ninyi mumsugue kwa soksi kuukuu. Wachongaji wa Tabaka, Kisii, nao humalizia mawe yao kwa nta.

Ila msimpeleke kuogelea. Hatukumchoma, kwa hiyo kwenye beseni anarudi kuwa tope.