Volti zipi, ampea zipi?

Jambo hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado nalikuta kwenye madaftari ya wanafunzi na hata mikononi mwa mafundi. Kugawanya volti kwa ampea (kipimo cha mkondo) ili upate omu, yaani ukinzani wa waya, kila mtu anajua. Kuzidisha volti kwa ampea ili upate wati, vilevile. Sipotezi muda hapo. Ninachouliza ni hiki: volti zipi, na ampea zipi?

Chukueni balbu ya zamani, ile yenye waya wa tangsteni, iliyoandikwa wati 100 kwa volti 240. Itoe kwenye umeme, weka mita upande wa omu, pima. Itasoma kama 40 hivi. Mwanafunzi anatumia kanuni ya volti mara volti, gawanya kwa omu: anachukua 240, anaizidisha kwa 240, anapata 57,600, anagawanya kwa 40, anapata wati 1,440. Analeta jibu bila wasiwasi wowote! Balbu ya wati 100 imekuwa pasi?

Hesabu yake haina kosa. Kosa limo katika ile 40, ambayo ni ya waya baridi. Washa taa, na tangsteni hupanda hadi nyuzijoto 2,500 hivi. Nayo metali ikipata moto hukinza zaidi. Pima volti na mkondo taa ikiwa inawaka: volti 240, ampea 0.417. Gawanya: omu 576. Zidisha: wati 100. Waya ni uleule, kutoka 40 hadi 576! Ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua pale pale unapobonyeza swichi: kwa kitambo kidogo sana mkondo huweza kufika ampea 6, kabla waya haujapata joto.

Naona mkono unataka kunyooshwa: "Mwalimu, basi sheria ya Ohm, kwamba volti zikigawanywa kwa ampea hutoa omu zilezile, ni ya uongo?" Sivyo! Tangu Ohm aichapishe mwaka 1827, sheria hiyo ina sharti: joto la waya lisibadilike. Ninyi mmelitupa sharti, kisha mnailaumu sheria. Volti ukizigawanya kwa ampea unapata ukinzani wa saa ile uliyopima, basi. Hata hiyo 576 usiihamishie kwenye volti 120. Itakupa wati 25, lakini waya utakuwa umepoa kiasi, utakinza kidogo zaidi ya hapo awali? La, utakinza pungufu, na wati halisi zitazidi 25.

La pili, haraka. Mmoja anasema ukinzani ukipungua wati hupungua, mwingine anasema huongezeka, na kila mmoja ana kanuni yake: wa kwanza anazidisha ampea mara ampea mara omu, wa pili anagawanya volti mara volti kwa omu. Ulizeni kwanza ni kipi kimeshikwa kisibadilike. Hita kwenye soketi imeshikiwa volteji: punguza ukinzani, wati zinapanda. Waya unaoilisha hita hiyo unapitisha mkondo ambao hita ndiyo inauamua: punguza ukinzani wa waya, wati zinazopotea humo zinashuka. Waya wa nusu omu kwa ampea 10 unakula wati 50. Kwa ampea 20 si 100, ni 200! Hapo ndipo plagi huyeyuka.

Mota nazo, ambako volteji na mkondo haviendi pamoja, zinataka kipindi chao.

Sasa njooni mbele. Ninayo balbu ya gari, volti 12, wati 21, na betri yake. Pimeni kwanza omu ikiwa imezimwa, mwandike namba ubaoni, ndipo tuiwashe.