Kukata na Kuponya: Kuzalisha Matumbawe Magumu Katika Tangi la Nyumbani

Waheshimiwa wasikilizaji, ndugu zangu wafugaji wa matumbawe,

Wengi wetu tulianza kukata kwa matumbawe ya matawi ya jenasi ya Acropora, ambayo hata baharini huvunjwa na mawimbi na vipande vyake vikashika upya penye mwamba imara, kama pingili ya muhogo inavyochipua ikichomekwa ardhini. Tawi likikatwa kwa koleo na kubandikwa kwa gundi ya sianoakrilati, ile inayoshika papo hapo, juu ya kijiwe cha kauri, kwanza tishu hutambaa na kufunika kitako chake, kisha ndipo ncha hurudia kupanda juu. Leo nataka kuzungumzia yale ambayo hayatusamehei kirahisi namna hiyo, na hoja yangu ni kwamba ugumu wake hauko katika msumeno bali katika kuponya kidonda.

Chukueni tumbawe liitwalo Euphyllia ancora, ambalo wataalamu sasa huliita Fimbriaphyllia ancora. Jamaa zake wenye mashina yaliyoachana hukatwa chini kabisa ya nyama, mahali ambapo shina ni chokaa tupu, na polipu, yaani kila mnyama mdogo mwenye kinywa chake, haihisi kitu. Lakini ancora hukua kama ukuta mmoja uliojipinda, wenye vinywa vingi vilivyopangana ndani ya tishu moja isiyokatika, kwa hiyo hakuna njia ya kuligawa bila kupasua nyama iliyo hai. Kidonda hicho kikikaa katika maji machafu au yaliyotulia mno, huota ute wa kahawia ambao hula tishu kwa kasi na kuambukiza jirani. Ukiuona, kipande hicho kitolewe tangini siku hiyo hiyo, wala tusikionee huruma kwa kuyahatarisha mengine.

Kwa sababu hiyo mimi sikubali kukata tumbawe lililofika juzi. Liachwe mpaka lifungue minyiri yake kikamilifu kila siku, nayo maji yathibitike kuwa hayayumbi: chumvi kiasi cha 35 kwa kila elfu, joto la nyuzi 25 au 26, kalisiamu karibu na miligramu 420 kwa lita, na alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kati ya 7 na 9 kwa kipimo cha Kijerumani (dKH). Kati ya hivyo vyote, alkali ndiyo ninayoiangalia zaidi, kwa kuwa kidonda hufungwa kwa tishu mpya na kiunzi kipya cha chokaa, na tumbawe linalojenga kiunzi huku alkali inapanda na kushuka hulazimika kupambana mara mbili.

Siku ya kukata, lisumbueni taratibu mpaka lijikunyate ndani ya kiunzi, kisha tumieni msumeno wa mkanda wenye chembe za almasi, unaopozwa kwa maji ya chumvi yanayobadilishwa mara kwa mara, maana ute na unga wa chokaa ukirudi juu ya kidonda ni uchafu. Anzeni upande wa kiunzi, mpite katikati ya vinywa viwili, na kila kipande kibaki na kinywa chake. Vaeni miwani na glavu, hasa ikiwa juu ya mwamba huo kuna Palythoa, polipu laini zilizo jamaa wa matumbawe, ambazo baadhi yake zina sumu kali ya palitoksini. Baada ya hapo, suuzeni vipande, vichovyeni katika maji yenye iodini, kisha viwekeni penye mwanga hafifu kuliko ule viliouzoea na mkondo wa wastani unaobadilika.

Kanuni ya kinywa haiwi nyepesi kwa Scolymia, ambalo mara nyingi ni polipu moja yenye kinywa kimoja. Wapo wanaolipasua kupitia kinywani, na hupona, lakini kwa mnyama mmoja mzuri aliye mzima naona hasara inayowezekana ni kubwa kuliko faida.

Ufundi huu si mchezo wa sebuleni tu. Huko Florida, katika maabara ya utafiti wa bahari ya Mote, mtafiti David Vaughan na wenzake walitumia misumeno ya aina hii hii kukata matumbawe ya mviringo, yanayokua polepole, kuwa vipande vya takriban sentimita moja. Vipande vya tumbawe moja vikipandwa karibu karibu hutambaa haraka, vikakutana, na kuungana badala ya kupigana, kwa kuwa ni mwili mmoja. Kwetu sisi maana yake ni hii: matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kila kipande kilichozaliwa tangini kinampunguzia mfugaji sababu ya kununua kilichobanduliwa mwambani.

Msikitoe kipande kabla ukingo wake haujafunikwa kabisa na nyama. Kikishapona, kile cha kwanza kipelekwe bila malipo kwa mfugaji mwingine, katika nyumba isiyotumia laini moja ya umeme na yenu, ili pampu zenu zikizimika usiku mzima, tumbawe hilo liwe lingali hai mahali pengine na mweze kuliomba tena.