Do Iko Wapi?

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Baraka hana raha tangu mazoezi ya kwaya ya juzi, kwa hiyo tuanzie hapo.

BARAKA: Wimbo uko kwenye ufunguo wa G, yaani do yake ni noti G, soprano wanakwama juu, mwalimu anasema tushuke hadi F. Waimbaji wakashuka bila tabu. Mpiga kinanda, mwenye vidole vyepesi kabisa, akapotea mstari wa kwanza.

REHEMA: Amekariri herufi za noti, siyo nafasi zake kwenye skeli.

BARAKA: Herufi tupu! Mstari unashuka so, fa, mi, re, do. Kwenye G ni D, C, B, A, G. Akarudisha kila herufi nyuma moja: C, B, A, G, F. Hiyo B ikakwaruza masikio ya watu wote. Ilitakiwa B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni.

REHEMA: Skeli ya meja, yaani do hadi do, inapanda toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Do ni daraja la 1, re la 2, na kuendelea; nusu ya kwanza iko kati ya daraja la 3 na la 4. Kwenye F, daraja la 3 ni A, na nusu toni juu ya A ni B flati. Ukipiga B ya kawaida, umepandisha daraja la 4 na unagongana na kila anayeimba fa. Angewaza 5, 4, 3, 2, 1, vidole vingejua pa kwenda kwenye ufunguo wowote.

BARAKA: Leo basi tuna mambo matatu: kazi ya kila daraja, kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za 1, 4 na 5, halafu skeli ya maina. Daraja la kwanza...

REHEMA: Do iko wapi?

BARAKA: Haya, imeanza! Wasikilizaji siku hizi wananisalimia hivyo hivyo. Hakuna "habari za asubuhi" tena.

REHEMA: Waendelee, maana wengi wanaitafuta pasipo. Wanashika noti ya kwanza ya wimbo na kuiita do, wakati nyimbo chungu nzima huanzia so. Ukikosea hapo, namba zote zilizobaki ni za uongo.

BARAKA: Sikiliza mwisho, tena sikiliza besi, kwa sababu sauti ya juu inaweza kumalizia mi au so. Noti ambayo besi inatulia juu yake, hiyo ivumishe. Kisha shuka nusu toni moja tu na usimame. Kama ulishika do, hapo uko kwenye ti, na utasikia inakuvuta urudi juu.

REHEMA: Ti ni mgeni aliyesimama mlangoni, hawezi kukaa mpaka aingie.

BARAKA: Kwenye G huyo ni F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu toni. Piga D, F shapu, A, halafu nyamaza. Chumba kizima kitasubiri G.

REHEMA: Na kwenye wimbo wa maina, do iko wapi?

BARAKA: Dada Rehema, umeniwekea mtego. Wimbo ukiwa A maina, nyumbani ni A, kwa hiyo A ni 1. C ni 3 iliyoshushwa: kutoka A hadi C ni toni moja na nusu, wakati meja ingekuwa toni mbili.

REHEMA: Hapana. A ni la, do ni C. Noti ni zile zile za C meja, nusu toni zinabaki kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Mwimbaji anayejua meja hajifunzi kitu kipya. Karatasi za solfa, zile za do, re, mi, zenyewe huandika "La ni A".

BARAKA: Anaimba sawa, lakini anaambiwa nyumbani ni daraja la 6! Mpiga gitaa akiitwa 1, 4, 5 atapiga C, F, G, wakati wimbo unataka A maina, D maina na E.

REHEMA: Mpiga gitaa ana freti za kumwonyesha noti. Mwimbaji ana sikio tu, na wewe unamtaka ashushe la 3, la 6 na la 7 papo hapo kabla hajafungua mdomo.

BARAKA: Kwa sababu hizo tatu ndizo maina yenyewe. Ukizificha, hatasikia kilichobadilika.

REHEMA: Zinasikika zenyewe akiimba la, ti, do.

BARAKA: Sikubali.

REHEMA: Wala mimi. Na muda umetuishia. Kodi hatujazigusa, kazi za madaraja tumeishia ti.

BARAKA: Yasogezwe yote. Kipindi kijacho njoo na karatasi yako ya solfa, mimi nije na gitaa. Tuanze na kodi ya E kwenye A maina.

REHEMA: Yenye G shapu ndani yake. Tuone utaiitaje.

BARAKA: Saba, isiyoshushwa.

REHEMA: Se. So iliyopandishwa.