Mawe, Chokaa na Makanisa Mawili ya Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo! Baba Paroko, watawa, wazee wetu, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunipa nafasi.

Wageni wakifika Bagamoyo huulizia Mnara wa Livingstone. Februari 1874 Chuma na Susi, watumishi wa David Livingstone, yule msafiri Mskoti, pamoja na wenzao waliufikisha hapo mwili wake, ukalala usiku mmoja kanisani kabla ya kuvushwa Unguja. Usiku mmoja tu, na mnara ukachukua jina la mgeni! Mimi leo nataka tuwazungumzie waliochoma chokaa ya kujengea.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja na pwani hii, kikabomoa sehemu kubwa ya misheni. Kanisa la mawe, lile lenye mnara, ni la mwaka huohuo. Kazi ya misheni ilibebwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokombolewa utumwani, wengi wao vijana na watoto. Majina ya mapadre tunayo. Ya hao wengine, mengi hatunayo.

Chokaa yenyewe si mchezo. Unapanga magogo kwa duara, unarundika juu yake vipande vya matumbawe, unatia moto. Jiwe likishaiva unalimwagia maji. Linafoka, linapasuka, linakuwa unga mweupe. Ukilishika kabla ya maji, viganja utavijutia. Ndiyo saruji ya pwani yetu, tangu enzi za mji wa kale wa Kilwa.

Ila kanisa lina shida ambayo nyumba ya mawe haina. Tazameni vyumba vya Mji Mkongwe: virefu lakini vyembamba, upana mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Waumini mia kadhaa utawaweka wapi? Lazima uwe na mbao ndefu za paa, au nguzo na matao. Kwa hiyo kanisa kubwa, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, lina mawe ya mwambao uleule, lakini umbo lake ni la Ulaya. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi silalamiki, maana kuta ni zetu.

Karibuni maswali. La kaburi nalijibu kabisa: Livingstone hakuzikwa hapa. Moyo uko Chitambo, Zambia. Mwili uko Westminster Abbey, London.