Leteni mizani kwanza

Mliokaa nyuma sogeeni mbele jamani, msinifanye nipige kelele. Haya. Hii habari ya wajibu wa mzalishaji kwenye vifungashio, yaani sheria inayomtaka anayeingiza bidhaa sokoni alipie ada ya kukusanya na kurejeleza chupa, katoni na nailoni zake zikishakuwa taka, nimeshaiongea mpaka watu wakiniona wanajua naanza na mizani, na leo tena naanza na mizani.

Kuna kampuni moja ya vinywaji nilienda, wakanifungulia eksel ya rangi rangi, kila chupa na uzito wake, nikafurahi kweli. Nikauliza tu, kifuniko kina gramu ngapi? Kimya. Mhasibu anamtazama mtu wa stoo, wa stoo anamtazama wa manunuzi. Kumbe zile namba saplaya ndiye aliwatumia, tena za chupa ya zamani, chupa ilishabadilishwa ikawa nyepesi na hakuna aliyemwambia mhasibu, na kifuniko, lebo, nailoni ya kufungia pakiti, hata katoni, havimo kabisa! Sasa utaniambia mzee kifuniko ni gramu 2 tu, acha utani. Sawa, zidisha kwa chupa milioni 10 kwa mwaka: tani 20. Uingereza ukivuka tani 25 za vifungashio kwa mwaka na mauzo yamefika pauni milioni 1, umeshaingia kwenye sheria. Yaani vifuniko peke yake vimekufikisha mlangoni, chupa yenyewe hatujaigusa.

Kwa hiyo tafuta mizani ya gramu, ya kawaida tu. Bidhaa moja moja ivue kila kitu, pima kila kipande, na pima kumi kumi halafu ugawanye maana haviwi sawa. Andika na aina, plastiki gani, glasi, alumini, karatasi, kwa sababu ada inahesabiwa kwa tani na kila aina ina bei yake, ukiandika karatasi kumbe ndani imepakwa plastiki umejichongea. Tarehe pia uandike, saplaya akibadilisha kitu unapima upya.

Najua kuna mtu hapa anajisemea, mimi sitengenezi chupa, mimi nauza sabuni, wa kiwandani ndio wahangaike. Hapana bwana. Nchi nyingi zenye sheria hii zinamshika mwenye jina kwenye lebo, na mzigo ukitoka nje zinamshika aliyeuingiza. Na msiseme mmeshtukizwa, wazo hili la mzalishaji kuwajibika mtaalamu mmoja, Thomas Lindhqvist, alilitoa Sweden mwaka 1990, Ujerumani ikalitungia kanuni 1991, wengine humu walikuwa hawajazaliwa.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka basi: Uingereza kuanzia 2026 kifungashio ambacho ni vigumu kukirejeleza kinalipiwa zaidi, kwa hiyo mtu wa dizaini naye aje kikaoni, msimwachie mhasibu peke yake. Umoja wa Ulaya nao kanuni yao mpya ya vifungashio inaanza kutumika 12 Agosti 2026, ukiuza kule anza sasa. Ya mikataba na saplaya naiacha, ile inataka siku yake. Dada wa kona ile, uliza.